GTA 6 imesogezwa tena: mbona gemu za mwendelezo zinachukua miaka yote hii?

Juzi mdogo wangu kanitumia faili kwenye WhatsApp, limeandikwa GTA 6 ya Android, yaani Grand Theft Auto ya sita, ile gemu ya magari na uhalifu mjini, ananiuliza kaka hii itakubali kwenye simu yangu au itaganda. Nikamwambia futa sasa hivi kabla hujaligusa. Sijamaliza hata kuandika akaongeza, "kwani si walisema imeshatoka?" Ikabidi nimpigie kabisa. Kwenye magrupu nako ni hivyohivyo, huyu anasema imetoka, yule anasema imefutwa, mwingine anaapa kwamba ilikamilika zamani wanaibania tu ili watu waendelee kununua ile ya 5, na hawa wote hawawezi kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Ukweli wenyewe wala sio siri, umetawanyika tu vipande vipande, na wengi wetu tunajua kucheza gemu ila hatujui zinatengenezwaje, kwa hiyo ngoja nijaribu kuuweka pamoja taratibu, tukianzia kwenye maneno yenyewe.

Mwendelezo ni gemu mpya inayofuata ya zamani, ama kwa hadithi ama kwa jina na mtindo. Gemu za mpira zinazotoka kila mwaka nazo ni mwendelezo, ila hizo sizizungumzii hapa, maana uwanja ni uleule, wanabadilisha vikosi na jezi na kuboresha vitu kadhaa basi inaingia sokoni. Nazungumzia zile ambazo kila toleo linajengwa karibu upya, mji mpya, hadithi mpya, wahusika wapya. Studio ni wale wanaoijenga. Juu ya studio mara nyingi kuna kampuni inayotoa hela na kusimamia mauzo, kwa GTA studio ni Rockstar na kampuni mama ni Take-Two, na kila ukisikia "mabosi wamesema" ujue kwanza ni mabosi wapi, wanaojenga au wanaouza.

Alafu kuna maneno matatu tunayachanganya kila siku. Gemu ikisogezwa, kazi inaendelea, tarehe ndo imebadilika. Ikianzwa upya, kazi iliyofanyika, yote au sehemu kubwa, imewekwa pembeni na watu wanarudi mwanzo. Ikifutwa, imekwisha, hakuna tena. Na ipo hali ya nne ambayo haina jina rasmi, na kwa shabiki ndo inauma kuliko hizo zote, nayo ni ukimya, yaani hakuna anayesema ipo na hakuna anayesema haipo.

Kama umewahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi utanielewa haraka. Unafika siku ya ahadi, fundi anakwambia njoo kesho. Sasa hiyo "njoo kesho" inaweza kuwa na maana tatu tofauti kabisa. Inawezekana nguo imeshonwa, bado vifungo na pasi, na kweli kesho unaipata. Inawezekana alikata vibaya, ameharibu, sasa anahangaika kutafuta kitambaa kinachofanana aanze tena. Na inawezekana hajagusa kitu, kitambaa chako bado kiko kwenye mfuko wa rambo chini ya meza tangu siku uliyokileta. Wewe uliyesimama mlangoni unasikia maneno yaleyale, njoo kesho, na kwa sababu hiyo unakasirika kwa kiwango kilekile, wakati hizo ni hali tatu ambazo hazifanani hata kidogo. Kuchelewa kwa gemu kuko hivyohivyo. Kabla hujakasirika au hujakata tamaa, swali la kwanza ni kwamba kitambaa kiko wapi.

Twende kwenye GTA yenyewe. GTA V ilitoka Septemba 17, 2013, enzi za PS3 na Xbox 360. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule amepita la saba, amemaliza form four, na GTA 6 ikitoka kwa tarehe iliyopo sasa atakuwa ameshamaliza form six. Kwa hiyo mtu akisema muda ni mrefu hakosei, ni mrefu kweli. Ila hapo ndo linapoingia kosa la kwanza, kwamba Rockstar wamekuwa wakitengeneza GTA 6 kwa miaka 13, au kinyume chake, kwamba walikuwa wamelala miaka 13. Vyote viwili sio kweli. Baada ya GTA V walikuwa na GTA Online, ile ya kucheza na watu wengine mtandaoni, iliyoanza Oktoba 2013 na mpaka leo inapewa vitu vipya, wakaileta gemu yenyewe kwenye PS4 na Xbox One mwaka 2014, kwenye kompyuta 2015, kwenye PS5 mwaka 2022, na katikati ya hayo wakajenga Red Dead Redemption 2 iliyotoka Oktoba 2018, gemu ambayo nayo iliahirishwa mara mbili na ambayo mpaka leo watu wanasimamisha tu farasi mlimani waangalie jua linavyozama. Studio kubwa namna ile haijengi majumba mawili ya ukubwa huo kwa nguvu ileile kwa wakati mmoja. Wengi walikuwa kwenye farasi kabla ya kurudi kwenye magari.

GTA 6 yenyewe walithibitisha Februari 2022 kwamba kazi imeshika kasi. Trela ya kwanza ikaja Desemba 2023, ilivujishwa kabla ya saa yake wakaamua kuitoa wenyewe, na ndani ya saa 24 ilitazamwa zaidi ya mara milioni 90 YouTube. Ndo tukamjua Lucia, mmoja wa wahusika wakuu, tukajua tunarudi Vice City, ule mji wa kubuni wa GTA za zamani. Ahadi ilikuwa mwaka 2025. Mwezi Mei 2025 wakasogeza mpaka Mei 26, 2026, alafu Novemba 6, 2025 wakasogeza tena mpaka Novemba 19, 2026. Na vyombo walivyotaja ni PS5 na Xbox Series X na S, basi. Simu haijatajwa popote. Kwa hiyo kila faili la GTA 6 la simu linalozunguka kwenye magrupu ni la watu wanaotaka kitu kutoka kwenye simu yako, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu wanaodanganyika zaidi ni madogo kama wa kwangu, wenye hamu kubwa na bando dogo, wanaotumia mb zao za wiki nzima kudanlodi matatizo.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana mi naamini nusu ya ugomvi wote huu inatokana na kuhesabu vibaya. Shabiki anahesabu kuanzia siku mbili tu, siku gemu ya zamani ilipotoka au siku ya tangazo. Studio inahesabu kuanzia siku watu wengi walipoanza kazi kweli. Kati ya hizo siku kunaweza kuwa na miaka. Chukua The Elder Scrolls VI. Skyrim, yaani ile ya tano, ilitoka Novemba 2011, na Juni 2018 watengenezaji wake Bethesda wakaonyesha trela ya chini ya dakika moja, milima na jina, hakuna kingine. Watu wakashangilia, wengine walilia. Ila wakati ule studio ilikuwa inajenga gemu nyingine, Starfield, iliyokuja kutoka Septemba 2023, na Elder Scrolls haikuwa imefika mbali kabisa. Ni sawa na bwana harusi kutangaza harusi ukoo mzima, watu wameanza kuchanga, kumbe barua ya posa haijapelekwa. Hakusema uongo, nia anayo, mchumba yupo, ila wewe uliyeanza kuchanga kadi siku ile utaona miaka inakatika na kila mwaka utaamini zaidi kwamba umetapeliwa.

Mbona wanatangaza mapema hivyo sasa? Sababu zipo kadhaa na nyingine ni za haki tu. Kutangaza kunasaidia kuajiri watu, maana fundi mzuri anavutiwa na kazi yenye jina. Kunatuliza wenye hisa. Kunatuliza na mashabiki waliochoka kuuliza, hasa pale studio inapotoa gemu ya aina nyingine kwanza na inaogopa watu watadhani ile wanayoipenda imetelekezwa. Kwa zile gemu ndogo zinazochangiwa na watu mtandaoni tangazo ndo mtaji wenyewe, bila tangazo hakuna hela ya kuanzia. Ila bei ya tangazo la mapema inalipwa na shabiki, na mimi kwa maoni yangu studio nyingi hazijalitilia uzito hilo.

Nyumba nayo inasaidia kuelewa. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba inayojengwa, nondo zimechomoza juu, tofali zimepangwa uani, mzee anasema tukipata hela mwakani tunapaua. Gemu kubwa inapita hatua zinazofanana na hizo. Kuna hatua ya ramani, watu wachache wanajaribu mawazo, wanachora, wanatupa, wanachora tena, na hapo ukiingia ofisini hakuna cha kumwonyesha mtu. Kuna hatua ya ujenzi wenyewe, ambapo wanaingia mamia ya watu, wengine wanajenga mitaa, wengine sauti, wengine jinsi gari linavyoserereka kwenye mvua. Alafu kuna hatua ya mwisho ambayo watu wa nje hawaifikirii kabisa, ya kuunganisha na kusafisha, na hiyo ndo inakula tarehe. Fundi bomba alipitisha bomba lake vizuri, fundi umeme alipitisha waya wake vizuri, siku wanakutana kwenye ukuta mmoja ndo mnagundua wote walipanga kupita palepale. Kwenye gemu ndo hivyo, polisi wanafanya kazi vizuri, treni inafanya kazi vizuri, ila polisi akipanda treni akiwa anakukimbiza gemu inazima. Kasoro za namna hiyo huwezi kuzihesabu kabla hazijatokea, zinajitokeza pale kila kitu kikishakuwa ndani, yaani mwishoni kabisa, na mwishoni ndo tarehe imeshatangazwa na watu wameshaomba likizo kazini.

Na hapa naomba nikumbushe Septemba 2022, pale video karibu 90 za GTA 6 ambazo hazikuwa tayari zilipoibiwa na kumwagwa mtandaoni. Watu wengi walicheka, wakasema mbona picha mbaya hivi, mbona mtu anatembea kwenye eneo lisilo na rangi, miaka yote hiyo ndo mmefanya hiki? Watengenezaji wa studio nyingine wakaanza kuonyesha video za gemu zao wenyewe zilipokuwa bado mbichi, gemu ambazo sote tunazisifia kwa uzuri, na zilikuwa mbaya vilevile. Nyumba ambayo haijapigwa plasta ndivyo ilivyo. Aliyeiba, kijana wa Uingereza, alikamatwa na kesi ikaisha mwaka uliofuata, ila ile dhana ya kwamba Rockstar wameishiwa ilibaki kwa muda mrefu hadi trela ilipotoka.

Kuna swali linakuja kila mara, si waongeze watu? Hela wanazo, GTA V imeuza zaidi ya kopi milioni 200. Wahenga walishajibu, manahodha wengi chombo huenda mrama. Mtu mpya kwenye kazi kama hii lazima afundishwe, na anayemfundisha ni yuleyule ambaye angekuwa anamalizia kazi, kwa hiyo miezi ya mwanzo unapoteza mikono miwili kupata mmoja. Njia nyingine ya kuharakisha ni kuwakamua waliopo, kazi usiku na mchana, jumamosi na jumapili, na hii imefanyika sana kwenye tasnia hii, mwaka 2018 kabla ya Red Dead Redemption 2 kutoka kulikuwa na mjadala mkubwa na wa maumivu kuhusu saa walizofanya kazi watu wa Rockstar. Mi nikiambiwa nichague kati ya kusubiri miezi sita na mtu kutokumwona mtoto wake miezi sita, nasubiri.

Basi tuangalie vitambaa vingine vilivyochelewa, maana hadithi zake hazifanani na ndo zinafundisha.

Cha kwanza ni kile kilichokatwa vibaya. Nintendo walitangaza Metroid Prime 4 Juni 2017 kwa kuonyesha jina tu. Januari 2019 mmoja wa mabosi wao, Shinya Takahashi, akatokea kwenye video akaeleza kwamba kazi haijafikia kiwango wanachotaka, kwa hiyo wanaianza upya na kuikabidhi Retro Studios, wale waliojenga zile za mwanzo, na kwamba itachukua muda. Hakuna trela wala muziki, ni maelezo na kuomba radhi. Watu waliumia, ila ukiangalia walivyopokea utaona wengi waliheshimu, kwa sababu waliambiwa kitambaa kiko wapi. Ikatoka Desemba 4, 2025. Miaka 8 toka jina lionekane, ila toka kuanzwa upya ni kama 7, na kila aliyekuwa anasubiri alijua anasubiri nini.

Cha pili ni Duke Nukem Forever, na hiki ndo dawa ya wale wanaoamini kwamba gemu ikikaa sana jikoni lazima itoke tamu. Duke Nukem 3D ilikuwa moto sana mwaka 1996, mwendelezo ukatangazwa 1997. Mwaka uliofuata wakabadilisha injini, yaani ule msingi wa programu unaobeba gemu nzima, ni kama kuvunja nyumba iliyofika kwenye linta ujenge kwa msingi mwingine kwa sababu jirani kaja na tofali nzuri zaidi. Na hawakuishia hapo, kila kitu kipya kikitoka kwenye gemu za wengine walitaka na wao wawe nacho. Wakiulizwa lini, jibu lilikuwa ni pale itakapokamilika. Mwaka 2009 hela zikaisha na timu ikaachishwa kazi, Gearbox wakaichukua wakaimalizia, ikatoka Juni 2011, miaka 14 tangu tangazo. Ilikuwa mbovu. Utani wake ulikuwa wa miaka ya tisini, uchezaji wake umechanganyika na mitindo ya miaka tofauti tofauti, unaona kabisa mahali walipoacha na mahali walipookotea. Kuna usemi unazunguka sana, wanausingizia kwa Shigeru Miyamoto wa Nintendo, kwamba gemu iliyochelewa mwishowe inakuwa nzuri ila iliyoharakishwa inakuwa mbaya milele. Hakuna aliyewahi kuonyesha Miyamoto aliusema wapi, na ukweli wa usemi wenyewe ni nusu tu. Muda unasaidia pale watu wanapojua wanajenga nini. Kama hawajui, muda unaongeza tu vyumba.

Na nusu ya pili nayo imeshapinduliwa. Cyberpunk 2077 sio mwendelezo wa gemu lakini inafaa hapa, iliahirishwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja wa 2020, ikatoka Desemba ikiwa na kasoro nyingi hasa kwenye PS4 mpaka Sony wakaiondoa dukani kwao kwa miezi kadhaa. Kuahirishwa hakukuiokoa. Ila walikaa nayo, wakaitengeneza mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa gemu nyingine kabisa, kwa hiyo hata "mbaya milele" haikuwa milele.

Cha tatu ni ninachokipenda zaidi, Hollow Knight: Silksong. Team Cherry ni watu wachache sana wa Adelaide, Australia. Hollow Knight ilitoka Februari 2017 kwa hela walizochangiwa na watu mtandaoni, na miongoni mwa ahadi walizotoa kwa wachangiaji ilikuwa kuongeza mhusika wa pili wa kuchezwa. Huyo mhusika, Hornet, akakua, akakua, mpaka Februari 2019 wakasema hii sasa ni gemu inayojitegemea. Juni 2022 ikaonyeshwa kwenye onyesho la Xbox ambapo gemu zote zilisemwa zitachezwa ndani ya miezi 12. Mei 2023 wakasema hapana, bado. Na baada ya hapo kimya. Kimya cha miaka. Mashabiki walijenga kama kijiji humo ndani ya kile kimya, kila kampuni ikitangaza onyesho wanajichora kama wachekeshaji wa sarakasi wakijua hawatoiona, kuna mtu alifungua chaneli ya kutoa habari za Silksong kila siku, na karibu kila siku habari ilikuwa kwamba leo hakuna habari. Agosti 21, 2025 ghafla wakasema inatoka Septemba 4, wiki mbili tu. Studio ndogo ndogo kadhaa zikahamisha tarehe za gemu zao zipishe. Siku yenyewe maduka ya mtandaoni ya Steam, Nintendo na wengine yakazidiwa yakagoma, watu wanabofya kununua haikubali, na siku hiyohiyo zaidi ya watu laki tano walikuwa ndani kwa wakati mmoja kwenye Steam peke yake. Kwa dola 20.

Na sababu ya kuchelewa? Watu walikuwa wameshatunga kila aina ya hadithi, wamegombana, mmoja anaumwa, hela zimeisha. Wenyewe Ari Gibson na William Pellen wakaeleza kwamba hakukuwa na tatizo lolote, walikuwa wanafurahia kazi, kila siku wanaongeza mahali papya, mdudu mpya, na kwa kuwa gemu ya kwanza iliuza vizuri hakukuwa na mtu wa kuwaharakisha. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo. Kwa upande mmoja ni jambo zuri mno, watu watatu wanne wanaipenda kazi yao miaka saba bila kuchoka. Kwa upande mwingine, hao waliochanga hela na kusubiri walistahili mistari miwili kila baada ya miezi sita, tupo, tunaendelea, hatuumwi. Sioni hilo lingepunguza nini. Ilipotoka wengi waliipenda sana, wengine wakalalamika ni ngumu kupita kiasi, na baada ya muda mfupi wakalegeza baadhi ya sehemu za mwanzoni.

Alafu kuna kile kitambaa kilichobaki kwenye rambo. Half-Life 2 ya Valve ilitoka 2004, wakaahidi kuendeleza hadithi kwa vipande vifupi vifupi ili watu wasisubiri sana, Episode One 2006, Episode Two Oktoba 2007, na hiyo ya pili iliishia mahali pa kuumiza sana, mtu amekufa, binti yake analia, skrini inakuwa nyeusi. Episode Three haijaja mpaka leo. Hawakuwahi kusimama mbele ya watu kuomba radhi kama Takahashi. Ilichukua mpaka Novemba 2024, kwenye filamu ya kumbukumbu ya miaka 20 ya Half-Life 2, ndo wakaeleza vizuri kwamba timu ilihamia kusaidia gemu yao nyingine, Left 4 Dead, waliporudi wakaona muda umepita, na bosi wao Gabe Newell akaeleza kwamba hakuona gemu hiyo inasukuma nini mbele zaidi ya kumaliza hadithi. Mi namheshimu Newell lakini hapa sikubaliani naye hata kidogo. Kumaliza hadithi uliyoianza mwenyewe, kwa watu waliokulipa waisikilize, ni sababu tosha.

Hilo linanileta kwa sisi mashabiki, maana tunasemwa sana kwamba tumedeka. Kuna waliodeka, ndio. Mwaka 2020 Cyberpunk ilipoahirishwa kuna watengenezaji walitumiwa vitisho vya kuuawa, kwa sababu ya siku 21. Hapo hakuna cha kutetea. Ila shabiki wa kawaida anayeumia sio mtoto anayelilia pipi. Gemu ya kwanza aliicheza akiwa na miaka 12, na kaka yake, padi moja wanapokezana, na sasa kaka yake yuko mbali au hayupo kabisa. Anachosubiri sio magari mapya peke yake, anasubiri kurudi mahali fulani. Mi San Andreas, ile GTA ya zamani, niliicheza kibandani, PS2 tatu na televisheni za kichogo, mia mbili nusu saa, na tulikuwa watu sita tumemzunguka mmoja anayeendesha, kila mtu anatoa maelekezo. Nikiona trela ya GTA 6 kuna sehemu ya moyo wangu inatafuta kile kibanda, na Rockstar hata wakae miaka 30 hawawezi kukijenga.

Ndo maana miendelezo iliyochelewa sana inagawanya watu hata ikiwa nzuri. Kila mwaka wa kusubiri, kila mmoja anaijenga gemu yake kichwani, na hakuna studio inayoshindana na gemu milioni ambazo hazina kasoro kwa kuwa hazipo. Shenmue II ilitoka 2001 ikaachia hadithi njiani. Mwaka 2015 mtunzi wake Yu Suzuki akaomba mchango mtandaoni, mashabiki wakatoa zaidi ya dola milioni 6, Shenmue III ikatoka Novemba 2019, imejengwa kwa mtindo uleule wa zamani kabisa, kutembea polepole, kuuliza watu barabarani, kufanya vibarua. Kuna waliolia kwa furaha kwa sababu ilikuwa vilevile, na kuna waliokasirika kwa sababu hiyohiyo. Na hadithi bado haikuisha.

Kwa hiyo GTA 6 kitambaa kiko wapi? Kwa ninavyoona mimi, kiko kwenye vifungo na pasi. Kuna trela mbili, kuna tarehe kamili yenye siku na mwezi, na Rockstar wenyewe walisema muda wa ziada ni wa kusafisha kazi. Take-Two wana wanahisa, hisa zao zilishuka kila waliposogeza tarehe, hakuna kampuni inayojichoma hivyo kwa kujifurahisha. Na lile la kwamba wanachelewesha makusudi ili GTA Online iendelee kuingiza hela, lina ukweli mdogo ndani yake, kwamba ile hela iliwafanya wasiwe na njaa ya kuharakisha, lakini tofauti ya kutokuwa na njaa na kukificha chakula ni kubwa. Inaweza kusogezwa tena? Inaweza, Red Dead Redemption 2 ilisogezwa mara mbili, na hii imeshafika mara mbili. Ukisikia imesogezwa kwa miezi michache na wametaja siku, hiyo ni pasi. Ukisikia tarehe imeondolewa kabisa bila nyingine, au studio imebadilishwa, hapo ndo uanze kuangalia chini ya meza.

Mdogo wangu nilimweleza haya yote kwa kifupi, akanisikiliza, akaniuliza kwa hiyo itachezwa kwa PS5 tu kaka, nikamwambia PS5 au Xbox mpya. Akanyamaza. Alafu akasema kibanda cha pale kona wanasema wataleta PS5 mwakani, kwa hiyo yeye ataanza kuweka mia tano tano kuanzia sasa. Faili ameshalifuta, nimemwambia anitumie picha ya skrini nihakikishe.